Kiki ya Wimbo wa Dada

DJ aliusikiliza wimbo wangu mpaka katikati, akapunguza sauti, akaniuliza kama kiki imefunga.

"Imefunga nini?"

"Swaumu. Maana haina nguvu hata ya kusimama."

Fundi cherehani aliyekuwa kibarazani akacheka bila kuinua kichwa. Hilo ningevumilia. Lakini binamu yangu naye akacheka, na yeye ndiye anayeimba kwenye huo wimbo. Tumetoka wote Rusimbi kwa miguu mpaka Mwanga kwenye jua la saa nane, tukiwa na flashi moja, halafu kufika anahamia upande wa DJ.

Kwa asiyejua, kiki ni ile du ya chini kabisa kwenye biti, inayokugonga kifuani ukisimama karibu na spika. Bila hiyo wimbo unasikika vizuri tu, ila hakuna mtu anayenyanyua mguu. Na huu wimbo kazi yake yote ilikuwa mtu anyanyue mguu. Dada yangu alikuwa anaolewa, na alishasema mbele ya mama na shangazi kwamba ukumbini ataingia kwa wimbo nitakaoutengeneza mimi. Hakutaka wa kupakua kwenye simu, ule ule wanaoingia nao mabibi harusi wote wa Ujiji. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Shangazi akaguna. Tangu nimemaliza kidato cha nne alikuwa anauliza kila akija kwetu, "Na huyu bado anacheza na kompyuta?" Kwa hiyo nilitaka wimbo upigwe, na nilitaka shangazi awe amekaa karibu na spika.

DJ akaweka wimbo mwingine ili nisikie tofauti. Vibobini vya fundi vikaanza kurukaruka juu ya meza ya cherehani, mpaka akavizuia kwa mkono. Akarudisha wa kwangu. Fundi akaondoa mkono. Vibobini vikatulia kimya kama vimekatazwa.

"Umeona?" DJ akasema. "Mdogo wangu, mimi sina ubaya na wewe. Lete yenye kiki kabla ya Ijumaa ya harusi. Isipokuja naweka ya kwangu. Sitaki bibi harusi aniingie ukumbini kama anaingia kumwona mgonjwa."

Kilichoniumiza ni kwamba nyumbani ilikuwa inapiga. Naapa ilikuwa inapiga. Nilikuwa naifanyia kazi kila siku mchana, nimekaa kwenye mkeka, laptop juu ya kigoda, sabufa ya sebuleni nimeihamishia chumbani kwangu na kuiweka chini karibu na ukuta. Hedifoni nilikuwa nazo lakini upande wake wa kulia ulishakufa, kwa hiyo nilizoea sabufa. Nikiwasha wimbo, kiki inakuja mpaka kwenye mifupa ya makalio. Nilikuwa nafumba macho namwona dada anatembea. Sasa inakuwaje ikifika Mwanga inageuka kuwa mtu anagonga godoro?

Nikarudi nikaanza upya. Kwanza nikaipandisha sauti, ile njia ya kila mtu asiyejua. Taa nyekundu zikawaka, wimbo mzima ukaanza kukwaruza. Nikashusha. Nikaangalia mafunzo kwenye simu mpaka bando likaisha, na wale watu wa mafunzo wana ugonjwa mmoja, wote wanaanza kwa kusema ni rahisi sana. Mmoja akasema panga kiki mbili, moja ya chini, moja ya juu. Nikapanga tatu. Mwingine akasema ongeza besi. Nikaongeza. Mwingine akasema kila kitu nilichofanya ni makosa, halafu akaanza kutangaza darasa lake.

Jioni binamu akapiga simu kuuliza nimefikia wapi. Nilikuwa nimesimama mlangoni, mama yuko uani anachambua majani ya muhogo.

"Bado natafuta kiki," nikamwambia. "Lazima dada aingie na kiki. Nishaweka tatu, bado haitoshi. Mpaka shangazi ashtuke."

Mama alinisikia. Aliendelea kuchambua, ila nikaona mkono umepunguza mwendo.

Kesho yake asubuhi shangazi akanipigia. Shangazi hanipigiagi mimi, anampigia mama halafu anasema nisalimie.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Hivi wewe mtoto, una nini na dada yako?"

"Sina kitu."

"Nasikia unataka kutafuta kiki kwenye harusi yake. Tena tatu. Tena mpaka mimi nishtuke. Unataka kufanya nini, uanguke ukumbini? Uvue nguo?"

Ndiyo nikaelewa. Kwa mama na shangazi, kiki ni ile ya mastaa, wakitaka kuongelewa wanasingizia wameachana, au wanatoa picha mbaya, au wanatukanana kwenye redio. Nikaanza kumweleza kwamba kiki ni sauti. Akasema anajua ni sauti, ndiyo inaanza na sauti, halafu inaishia kwenye magazeti. Nikamwambia ni ngoma, shangazi, ni ile du. Akaniambia nisimpigie du kwenye sikio, akakata.

Mama alikuwa amesimama na ungo. "Nilimwambia tu aulize," akasema.

"Si ungeniuliza mimi?"

"Wewe siku hizi unaulizika?"

Ni kweli. Nilikuwa naongea na watu huku nahesabu biti kichwani. Chakula kikiletwa nakila kimepoa.

Nikapeleka tena kazi kwa watu, safari hii kupitia binamu. Yeye anashusha mizigo Kibirizi, kwenye maboti yanayotoka Kongo, na pale mwaloni kuna kibanda cha chipsi chenye spika kubwa kuliko kibanda chenyewe. Akampa mwenye kibanda aupige mchana, wakati watu wamejaa. Nikakaa nyumbani nasubiri simu, nimeishika mkononi kama matokeo ya mtihani.

"Niambie," nikasema ilipoita.

"Wana wamesema sauti nzuri."

"Sauti yako."

"Ee, yangu. Wameipenda kweli."

"Na biti?"

Nyuma yake nasikia mtu anagombana kuhusu magunia.

"Biti wamesema kama mtu anakuna ndoo."

"Nani kasema?"

"Kwani ukimjua utamfanya nini? Sikia, pale Mwanga kuna studio ya kweli. Ina jamaa mwenye spika za kweli. Mimi niende nikarekodi upya, tumalize. Dada ataingia, watu watacheza, wewe tutakutaja."

Kunitaja. Nilimwambia aende, halafu nikamwambia akienda asikanyage kwetu, halafu nikakata simu. Baadaye nikamtumia meseji kwamba anipe mpaka Alhamisi. Akajibu kwa dole gumba, hakuandika hata neno.

Kesho yake mama akapanda pikipiki kwenda Kalinzi kupeleka kadi za harusi kwa ndugu zake, na kulala huko. Nikafurahi. Nyumba tupu, hakuna wa kunituma chumvi, hakuna kelele. Nikasema leo nitasikia vizuri. Nikakaa kwenye mkeka, nikawasha.

Kiki hakuna.

Yaani ipo, lakini ndiyo ile ile ya Mwanga, ya ndoo, ya godoro. Nikaangalia waya wa sabufa. Nikauchomoa, nikaupuliza, nikaurudisha. Nikaangalia kama nimefungua faili la zamani. Nikazima laptop nikaiwasha. Hakuna. Nikakumbuka kwamba juzi binamu aliiazima kidogo kuangalia mpira. Nikampigia.

"Umegusa nini kwenye laptop?"

"Nimegusa mpira."

"Kiki imepotea. Ulifungua wimbo?"

"Sijafungua. Na utapoteza kitu ambacho hakijawahi kuwepo?"

Nililia siku ile, na sio kwa huzuni. Nililia kwa hasira, ile ya kupiga mto. Kwa sababu sasa hata ule ushahidi wangu mmoja, kwamba nyumbani inapiga, umeondoka. Nikaanza kufikiria kwamba labda haikuwahi kupiga. Kwamba nilikuwa naisikia kwa sababu naitaka.

Mama alirudi kesho yake kabla ya adhuhuri, ana ndizi, ana salamu za watu, ana habari za mjomba na goti lake. Akavua viatu, akafunga kitenge vizuri, akaenda uani. Kwetu mama anauza sombe, yaani kisamvu cha kutwanga. Watu wa mtaa wanaleta majani yao ya muhogo au wananunua yaliyotwangwa tayari, na wiki ile alikuwa na ya harusi pia, viroba viwili vimekaa kivulini. Mimi nilikuwa ndani, nimewasha wimbo, sina hata nia ya kuufanyia kazi, nausikiliza tu kama mtu anayebonyeza jipu.

Na kiki ikarudi. Ikaja ile ile, kwenye sakafu, kwenye mkeka, mpaka kifuani.

Niliruka. Nikachukua simu nimpigie binamu, nimwambie imerudi, aisikie mwenyewe kwa masikio yake. Simu inaita, wimbo unapiga, na uani nikasikia mtu anabisha hodi, anaulizia sombe ya jioni. Mama akasema karibu.

Kiki ikakata. Wimbo unaendelea, kinanda kinaendelea, binamu anaimba ndani ya spika "njoo mpenzi njoo taratibu," lakini chini patupu.

Mteja akasema haya mama, baadaye. Na kiki ikarudi.

"Haloo?" binamu anasema kwenye simu. "Haloo? Mbona hunyamazi wala husemi?"

Nikakata. Nikatoka nje na laptop ikiwa imewaka chumbani. Kinu cha mama kimekaa upande wa pili wa ukuta ule ule niliouegemezea sabufa. Mama ameshika mchi kwa mikono miwili, anaupandisha, anaushusha, na midomo inacheza kidogo. Alikuwa anatwanga kwa wimbo wangu. Aliusikia kupitia dirishani kila siku, wiki zote zile, akaufuata, na kila kiki yangu ilipoanguka mchi nao ulianguka, mshindo wake ukaingia kwenye sakafu, ukapita chini ya ukuta, ukanikuta mimi nimekaa kwenye mkeka nimefumba macho.

"Mama acha," nikasema.

Akaacha. Nikasikiliza. Ndoo.

"Endelea."

Akaendelea. Du. Du. Du.

"Nini?" akasema. "Umeona nyoka?"

Sikujua nicheke au nipasue kinu. Nimekua na ile sauti. Ipo nyumbani kama sauti ya bati likipata joto, huisikii. Ningeulizwa kuna kelele gani nyumbani mchana, ningesema hakuna. Wimbo wenyewe niliupanga mwendo kwa kugonga kidole kwenye goti siku ya kwanza, na sasa najua kidole kilimfuata nani. Nimekaa wiki nzima napunguza kiki, naisafisha, naipanga juu ya nyingine, na muda wote nasikiliza mchi wa mama.

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, kwa haraka, nikirusha mikono. Alichoelewa ni kwamba nataka asitwange.

"Sombe ya harusi ya dada yako atatwanga nani? Kompyuta?"

"Siku mbili tu, mama."

"Haya majani yatakaa siku mbili? Yewe, unanitania."

"Basi hamisha kinu."

"Nikipeleke wapi? Barabarani? Wapike kwanza vumbi?"

Nikapata wazo moja, niirekodi ile sauti ya mchi niiweke kwenye wimbo. Ndiyo kitu cha kwanza kinachokujia, na kila mtu niliyemsimulia baadaye aliniuliza kwa nini sikufanya hivyo. Nilifanya. Niliweka simu kwenye kigoda karibu na kinu, mama akatwanga huku amenyoosha mgongo kama anapigwa picha ya pasipoti. Nikaingia ndani nikasikiliza. Kuna kuku, kuna jirani anasalimia, na katikati kuna pa, kama ndala inayopiga kisigino. Ile du yote ilibaki ardhini, simu haikuichukua. Nikafuta.

Tukakubaliana hivi, baada ya kununiana kidogo. Yeye anatwanga. Mimi nikigonga ukuta, anasimamisha mchi mpaka nigonge tena. Ilionekana rahisi. Ila mama hawezi kuupumzisha mchi kwenye majani, anasema ukikatisha unapoteza mkono, kwa hiyo anausimamisha hewani.

Nikagonga ukuta. Kimya. Nikasikiliza wimbo mtupu, bila msaada wa mtu. Aisee ulikuwa mbaya. Sasa nikasikia vizuri zile kiki tatu zinavyosukumana, moja inapanda wakati nyingine inashuka, zinamalizana zenyewe kwa zenyewe. Nikatoa mbili.

"Nishushe?" mama akasema nje.

"Bado."

Besi niliyoiongeza kwa kufuata mafunzo ilikuwa imekaa mahali pale pale pa kiki, kama watu wawili kwenye kiti kimoja. Nikaifanya ipungue kila kiki inapogonga, ikishapita irudi.

"Nishushe?"

"Mama, bado."

"Mkono huu sio wako."

"Shusha."

Du du du uani. Nasubiri. Nagonga. Kimya. Nikapunguza yale matope ya katikati, yale yanayofanya igonge kama godoro. Nikaifupisha mkia, maana ilikuwa inajivuta mpaka inakutana na inayofuata. Ikaanza kusimama. Sio sana. Ilikuwa kama mtoto anayeshika meza.

"Nishushe, au nife hivi hivi?"

Tulifanya hivyo Jumatano nzima na Alhamisi mpaka saa kumi. Tuligombana. Kuna mara nilisahau kabisa kugonga, nikatoka nikamkuta amekaa chini, mchi mapajani, anakula karanga, ananiangalia tu. Kuna mara alishusha bila ruhusa, na mimi nikapiga kelele "imekubali!" kabla sijagundua. Alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimebakiza masaa.

Alhamisi jioni nikampelekea DJ. Binamu alikuja, ingawa hatukuwa tumeongea vizuri, akasimama mbali kidogo na mimi, karibu na pikipiki za watu. DJ akachomeka flashi. Mimi sikumwangalia yeye, niliangalia meza ya fundi. Kiki ya kwanza ikaja. Kibobini kimoja kikatetemeka. Ya pili, ya tatu. Kikasogea kidogo, kikafika ukingoni mwa meza, kikakaa pale. Hakikuanguka.

DJ akatikisa kichwa kwa mbali. "Imefuturu," akasema.

"Kwa hiyo utaupiga?"

"Nitaupiga. Imefuturu, ila haijashiba."

Binamu akanisogelea akaniambia kumbe studio ya Mwanga hakwenda hata kuulizia. Nikamwambia nilijua. Sikujua.

Siku ya harusi nikakaa meza ya nyuma, karibu na spika ya huko huko nyuma, na mama. Shangazi alikaa mbele karibu kabisa na spika kubwa, kama nilivyotaka. MC akasema watu wasimame, milango ikafunguliwa, wimbo wangu ukaanza. Kinanda. Halafu kiki ya kwanza, na ikanigonga hapa kifuani, kweli, bila mchi, bila ukuta.

Kisha kina mama wakapiga vigelegele.

Hawakupiga kidogo. Vilitoka meza zote kwa pamoja, na shangazi ndiye aliyekuwa juu kuliko wote, amesimama kabisa, kitambaa hewani. MC akaanza kupiga kelele juu ya vigelegele, mpeni maua yake, mpeni maua yake. Watu wakapiga makofi, kila mtu na mwendo wake. Wimbo wangu ukazama mzima. Nilikuwa nimekaa karibu na spika na sisikii kiki. Kazi yote ile, mama kashika mchi hewani siku mbili, na sisikii. Nilitaka kwenda mbele nimnyang'anye MC kipaza sauti.

Mama akaniinamia. "Ndo ile ya nishushe?"

"Ndo hiyo."

"Mbona siisikii?"

Nilikuwa nimeshachoka, nimeangalia chini, na kati ya miguu ya watu nikaona viatu vya dada. Viatu vyeupe, vya kuazima, vinambana, anatembea taratibu kwenye zulia. Kulia. Kushoto. Nikaanza kuhesabu kichwani, wimbo naujua kuliko jina langu. Kulia ilianguka kwenye kiki. Kushoto ilianguka kwenye kiki. Ya tatu pia. Makofi yanaenda huku, MC anaenda kule, na viatu haviyumbi.

"Angalia viatu," nikamwambia mama.

Akaangalia. Akaanza kupiga goti lake kwa kiganja, kwa mwendo wa mchi, anafuata viatu. Ikabidi nimshike mkono, maana nilitaka kujua kama kiki yangu inasimama yenyewe, bila mchi wake.